Dozi ya Kwanza Isingoje

Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, tukizibua mtaro wa mtaa wetu upande wa Birere hapa Goma, nilichomwa na sindano. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa matope na maganda ya ndizi. Niliukamata kwa mkono mtupu kwa sababu glavu zilikuwa jozi mbili tu, na wenye nazo walikuwa wamesimama kivulini wakitoa amri. Tone dogo la damu likatoka kwenye kidole. Wenzangu wakacheka, mmoja akanishauri nifyonze niteme. Nikanawa kwa maji ya bidoni, nikamaliza kazi, kisha moyo ukaanza kunisumbua.

Kituo cha afya nilikokimbilia kilinipokea vizuri, nisiwasingizie. Nilichomwa sindano ya pepopunda, nikapimwa virusi vya UKIMWI, nikaanzishiwa vidonge vya siku 28 bila kulipa hata faranga. Nikarudi nyumbani nikiwa mtu aliyeokoka. Jioni akapita mama mdogo wa mke wangu, muuguzi wa miaka mingi ambaye sasa anafanya kazi kwenye dispensari ndogo ya mtaani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Mkwe, na hepatite, homa ya ini, wamekuchanja?”

“Hapana, mama. Hawakuitaja.”

“Basi wamekufukuzia paka, chui wamemwacha mlangoni.”

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Wauguzi wana hesabu moja rahisi ya kukumbuka. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, hatari ya kupata virusi vya UKIMWI ni kama asilimia 0.3. Kwa homa ya ini aina C ni karibu asilimia 3. Kwa homa ya ini aina B inaweza kufika asilimia 30. Kati ya magonjwa hayo matatu, hilo la mwisho ndilo pekee lenye chanjo, na chanjo yenyewe ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo nilikuwa nimekingwa dhidi ya ugonjwa wenye hatari ndogo zaidi, nikaachwa wazi mbele ya ule ambao dawa ya kuuzuia ilikuwa kwenye friji mtaa wa pili, inauzwa.

Nilinunua. Nina mshahara, hata kama unachelewa, na nina mama wa kuniuliza swali linalofaa. Usiku ule, badala ya kufikiria kidole changu, nilianza kumfikiria mwenye sindano. Maana sindano haitembei. Kuna mtu aliyeinunua kwenye famasi, akajichoma, labda akampa mwenzake, kisha akaitupa mtaroni. Mimi nilichomwa mara moja kwa bahati mbaya. Yeye huchomwa kila siku. Katika mji huu wote, ni mlango gani ambao angeugonga akapewa chanjo ya homa ya ini bila kwanza kuulizwa maswali ya mahakamani?

Najua msomaji wa Goma atasema hapa si Mombasa wala Dar es Salaam. Ukitaja madawa ya kulevya kwetu, watu wanafikiria bangi, vidonge vya tramadol na pombe ya kanyanga. Wanaojidunga hawaonekani. Wanajificha nyuma ya vibanda, ndani ya nyumba ambazo hazijamalizika, na wengi wana familia zisizojua. Lakini hata mpango wa taifa wa kupambana na UKIMWI unawahesabu wanaojidunga kama kundi la kulengwa, kwa hiyo hatuzungumzii viumbe wa kubuni. Na kama kweli ni wachache, basi kazi ni ndogo. Sijawahi kuelewa kwa nini uchache wao hutumika kama sababu ya kutofanya chochote. Kikundi cha watu mia kinachanjwa kwa wiki chache na wauguzi wawili na kisanduku kimoja cha baridi.

Kirusi chenyewe kinafaa kufahamika, kwa sababu ujuzi wetu wa UKIMWI umetufundisha vibaya kidogo. Tumezoea kusikia kwamba kirusi kikitoka mwilini kinakufa upesi. Kile cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku saba kikiwa bado na nguvu ya kuambukiza. Kinabaki kwenye sindano, na pia kwenye kijiko cha kuyeyushia unga wa kulevya, kwenye pamba ya kuchujia, kwenye kikombe cha maji ambacho watu watatu wamechovya. Kijana anaweza kuwa na bomba lake la sindano mwenyewe, jipya kila siku, na bado akaambukizwa na kijiko cha rafiki. Ndiyo maana kugawa sindano safi, jambo ninaloliunga mkono kabisa, hakutoshi kwa ugonjwa huu. Tena kuna homa ya ini aina D, ambayo haiwezi kuishi mwilini mwa mtu asiye na B. Ukimkinga mtu na B, umemkinga na D bila gharama ya ziada. Na kwa kuwa B ni chanzo kikubwa cha saratani ya ini, unapunguza na hiyo.

Sasa tuangalie nani aliachwa nje. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto ya Kongo, ile tunayoiita PEV, mwaka 2007. Watoto wanaipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Rwanda waliiingiza mwaka 2002. Najua kutaja upande wa pili wa barrière, yaani mpaka, kunawaudhi baadhi ya wasomaji, hasa siku hizi, lakini hesabu haina uraia. Chukua vijana wawili waliozaliwa mwaka 2004, mmoja Gisenyi, mwingine Birere, nyumba zao zikitenganishwa na mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Yule wa Gisenyi alizaliwa chanjo ikiwa tayari kwenye ratiba. Wa Birere alizaliwa kabla haijafika. Karibu kila mtu mzima anayejidunga Goma leo yumo katika kizazi hicho cha pili. Hata waliozaliwa baada ya 2007, wangapi walimaliza dozi tatu? Mwaka 2008 watu walikuwa wanakimbia Rutshuru, mwaka 2012 mji ulichukuliwa na waasi, Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikamwaga moto mpaka Buhene. Mtoto hukosa dozi ya wiki ya 14 kwa sababu wiki ya 14 mama yake yuko njiani na godoro kichwani.

Nilipoanza kuuliza kwa nini watu hawa hawachanjwi, nilitegemea kuambiwa kwamba chanjo ni ghali au haipatikani. Nilichosikia zaidi ni masharti. Aache kwanza kujidunga. Alete kadi ya chanjo. Apimwe kwanza.

La kuacha kwanza halihitaji maneno mengi. Hatumwambii mvuta sigara aache kwanza ndipo tumtibu kikohozi. Mwili wa anayejidunga unatengeneza kinga kama wa mwingine, pengine kwa nguvu kidogo pungufu ikiwa lishe ni mbaya au ana virusi vya UKIMWI, jambo ambalo ni sababu ya kuharakisha. La kadi ni mzaha katika mji uliounguzwa na lava mara mbili ndani ya miaka ishirini.

Sharti la kipimo ndilo lenye uzito, kwa sababu wanaolitaja si wajinga. Hoja yao iko hivi: Afrika ya Kati ni eneo ambalo homa ya ini B imeenea, na wengi huambukizwa wakiwa watoto wachanga au wadogo, kutoka kwa mama au kwa ndugu wanaocheza nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barani Afrika, katika kanda yake, watu wapatao milioni 65 wanaishi na kirusi hiki. Kwa hiyo mtu mzima wa Goma, awe anajidunga au anauza samaki wa sambaza sokoni, pengine alishakutana nacho zamani. Ama mwili ulikishinda na ana kinga ya asili, ama anacho bado kimyakimya. Katika hali zote mbili chanjo haimsaidii. Kwa nini tupoteze dozi?

Kuna na nusu ya pili ya hoja, ambayo wachache huitaja. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki na kirusi maisha yote ni karibu asilimia 90. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, chini ya asilimia 5 ndio hubaki nacho. Kwa hesabu baridi ya kuokoa maini, dola iliyotumika kwa mtoto inaokoa zaidi kuliko iliyotumika kwa kijana wa miaka 25.

Nakubali tarakimu hizo zote. Ninachokataa ni hitimisho. Kwanza, ile asilimia 5 inapimwa kwa mtu mzima mwenye afya. Mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye mwili uliochoka, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubaki na kirusi, na wanaochangia sindano ndio hasa wanaokutana na magonjwa yote mawili. Pili, kijana huyo ana mke au mpenzi, na kirusi hiki kinapita kwa kujamiiana. Akimpa mwanamke mjamzito, tumerudi kwenye ile asilimia 90 ya mtoto mchanga. Anayewatenganisha watoto na wahuni, kana kwamba watoto hawa hawana baba, hajawahi kukaa Birere.

Tatu, kipimo chenyewe. Kumchanja mtu ambaye tayari ana kirusi au ana kinga hakumdhuru. Dozi moja imetumika bure, basi. Lakini kumrudisha mtu nyumbani akangoje majibu, katika kundi hili, mara nyingi ni kumpoteza. Marekani, ambako maabara si tatizo, mwongozo wao unasema damu itolewe na dozi ya kwanza ichomwe palepale, kipimo kisigeuke kizuizi. Sisi ambao kipimo kinalipiwa na mgonjwa, tumejiona tuna anasa ya kungoja?

Sipingi kipimo. Ningetaka kila anayejidunga apimwe, kwa sababu nyingine kabisa: akikutwa na kirusi atibiwe. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliopanua idadi ya wanaostahili dawa. Na dawa yenyewe, tenofovir, iko Goma kila siku, ndani ya vidonge vya UKIMWI. Ilikuwa ndani ya vidonge nilivyomeza mimi siku 28. Mwenye virusi vya UKIMWI anaipata bure. Mwenye homa ya ini peke yake huambiwa akanunue. Mama mdogo aliniambia aliwahi kumsikia mgonjwa akiuliza, bila utani, kama hawezi kuandikishwa ana UKIMWI ili apewe dawa ya ini. Hilo ni somo la makala nyingine. Kwa hapa inatosha kusema: kipimo na dozi viende pamoja siku ileile, kimoja kisimsubiri mwenzake.

Watakaosema kwamba mji kama huu hauwezi kuwachanja watu wazima wa mitaani kwa kufuata hatari waliyo nayo, wamesahau upesi. Julai 2019 Ebola ilifika Goma. Wachanjaji walikuwa wanatafuta waliomgusa mgonjwa, kisha waliowagusa hao, nyumba kwa nyumba, na chanjo yao ilitakiwa kukaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Mlipuko ule ulipomalizika mwaka 2020, zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa mashariki mwa nchi. Oktoba 2024 chanjo ya mpox ya Kongo ilizinduliwa hapahapa Goma, na miongoni mwa waliolengwa mwanzo walikuwamo wanawake wanaouza miili. Hakuna aliyewaambia waache kwanza kazi hiyo. Tulielewa kwamba ugonjwa unapita walipo, tukaifuata njia yake.

Chanjo ya homa ya ini ni nyepesi mno ukilinganisha. Inakaa kwenye nyuzi 2 mpaka 8, friji ya kawaida ya kituo. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi. Kinachoiharibu ni kuganda. Mama mdogo anasema amewaona vijana wapya wakiibana katikati ya vipande vya barafu kwa nia njema, wakaiua. Tangu Januari 2025, uwanja wa ndege ulipofungwa, kila kinachohitaji friji kinafika Goma kwa njia ndefu zaidi, na hilo si dogo. Lakini chanjo za watoto zenye sehemu ya homa ya ini B zinasafirishwa kwa baridi hiyohiyo.

Ugumu wa kweli, naona, ni dozi ya pili na ya tatu. Hapo nina mfano wa nyumbani. Novemba 2019 ilianza kutolewa chanjo nyingine ya Ebola katika maeneo ya afya ya Majengo na Kahembe, ya dozi mbili zinazopishana siku 56. Zaidi ya watu 20,000 walichukua ya kwanza. Waliopata ya pili walikuwa karibu nusu. Katikati iliingia korona, mipaka ikafungwa, watu wakatawanyika. Na hao walikuwa watu wenye nyumba, wenye simu, wenye hamu ya chanjo kiasi cha kupanga mstari. Sasa mwambie kijana anayelala leo Majengo kesho Mugunga arudi baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya miezi sita, kama ratiba ya kawaida ya watu wazima inavyodai. Miezi sita Goma ni muda wa kutosha serikali kubadilika.

Kwa bahati kuna ratiba fupi: siku ya kwanza, siku ya 7, siku ya 21, kisha dozi ya kuimarisha baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza ratiba ya haraka kwa wanaojidunga tangu mwaka 2012, na katika mwongozo uleule likapendekeza kitu kilichowashtua wengi: wapewe motisha ya kurudi. Miaka miwili baadaye jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lililowahusu watu waliokuwa kwenye matibabu ya uraibu wa heroini. Wote walipewa ratiba hiyo ya wiki tatu. Ambao hawakupewa kitu, waliomaliza dozi walikuwa asilimia 9. Waliopewa vocha za dukani, zisizozidi pauni 30 kwa jumla, waliomaliza walifika asilimia 45 katika kundi moja na 49 katika lingine.

Niliposoma tarakimu hizo nilizisoma mara mbili. Asilimia 9, huko Uingereza, ambako basi linafika kwa wakati. Kumbe tatizo la kurudi si ushamba wala ukaidi wa watu wetu. Mtu ambaye siku yake nzima imegawanywa kati ya kutafuta dawa na kutafuta pesa ya dawa hana nafasi ya kukumbuka siku ya 21, mpaka siku hiyo iwe na kitu ndani yake. Kwetu hicho kitu kisiwe hata pesa mkononi. Sahani ya fufu na maharage, sabuni, unité za simu, nauli ya motari. Wapo watakaosema tunawahonga wahuni. Ningewauliza wahudhuriaji wa semina za afya kwenye hoteli za kando ya ziwa ni wangapi wangefika bila perdiem.

Hata asiyerudi hajapotea kabisa. Kwa watu wazima wenye afya walio chini ya miaka 40, dozi moja inawapa kinga ya kutosha kati ya asilimia 30 na 55 yao, mbili zinawafikisha kama 75, tatu zinapita 90. Ndiyo maana nang'ang'ania siku ya kwanza. Programu nyingi zinapanga kila kitu kwa kufikiria dozi ya tatu: wasajiliwe, waelimishwe, wafuatiliwe, wahakikishwe watamaliza, ndipo waanze. Wakati huo sindano zinazunguka. Ningependa muuguzi atoke na kisanduku, akutane na mtu, amchome palepale nyuma ya ligablo, kibanda cha biashara, kisha ndipo waanze kujadiliana kuhusu wiki ijayo.

Nani atamwonyesha njia? Wale wanaojidunga wenyewe, au walioacha. Tanzania walipofungua huduma ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na Kenya walipoanza ya kwao mwishoni mwa 2014, walipata jambo ambalo sisi tutalikosa kwa muda: mlango ambao mraibu anaupita kila siku, hivyo siku ya 7 na ya 21 zinajileta zenyewe. Kwetu mlango wa namna hiyo haujawa jambo la kila mtaa, na sioni ukijengwa kesho. Tulichonacho ni RECO, wahamasishaji wa jamii wanaojua kila nyumba. Lakini RECO wa kawaida ni mama wa heshima wa kanisani; akiingia uchochoroni, vijana wanatoka kwa mlango wa nyuma. Ukimpa fulana ya RECO kijana aliyewahi kuishi uchochoro ule, nao wakamjua kwa jina lake la utani, watabaki wamekaa. Si wazo langu. Kuwatumia wenzao lilikuwa pia pendekezo la mwongozo uleule wa 2012. Sharti ni kwamba asitumwe siku moja na muuguzi, siku nyingine na watu wenye silaha. Ikitokea mara moja tu kwamba aliyefuata kisanduku cha chanjo alikamatwa njiani kurudi, hakuna sahani ya fufu itakayowarudisha.

Dozi yangu ya tatu niliichoma siku ya 21, kwa pesa yangu, jikoni kwetu, mama mdogo akiwa bado amevaa koti la mvua. Aliandika tarehe ya ile ya mwakani kwenye ukurasa uliochanwa daftarini mwa mtoto, akanipa nikaubandike kwenye mlango wa kabati. Akauliza kama mtaro umezibuliwa tena. Nikamwambia ndiyo, Jumamosi iliyopita, na safari hii tulikuta sindano tatu, tukazitia kwenye chupa na kufunga kifuniko.

“Tatu,” alisema, akirudisha vitu vyake kwenye kisanduku. “Basi Jumamosi nitakuja na dozi tatu. Wewe mkwe utanionyesha ni nyuma ya ligablo gani.”